Shangazi, tulipe au tuimbe?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni katibu wa kwaya ya kanisa la Moravian hapa Urambo. Mwezi wa saba, Mungu akijalia, tunakwenda Afrika Kusini watu kumi na wawili kuzuru Genadendal, kituo cha kale cha Wamoravian kilichoanza 1738. Tutashuka Johannesburg, halafu gari la kukodi mpaka Cape. Wenyeji wetu wameandika kwamba kwa sababu ya umbali, usiku mmoja tutalala njiani kwenye shamba la familia, huko kwenye nusu jangwa ya Karoo. Wanasema ni nyumbani kwa watu, lakini unalipa.

Hapo kamati imegawanyika. Mwenyekiti anasema kumpa hela mtu aliyekulaza nyumbani kwake ni kumtukana. Tubebe asali na tuwaimbie nyimbo tatu. Mhazini anasema kama ni kulipa, basi tudai huduma kama hotelini. Mimi nahofia maji, baridi na chakula. Uliwahi kutaja hapa kwamba umelala huko. Tuamulie.
— Katibu wa kwaya, Urambo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lipeni. Mkishalipa, wakiwaomba, imbeni. Asali iacheni, nitakuja kuieleza.

Siilaumu kamati yako, maana mimi mwenyewe nilikwenda na mawazo ya mwenyekiti. Nimefundisha jiografia sekondari miaka 27 hapa Tabora. Kila mwaka nilichora ubaoni ramani ya Afrika Kusini, nikaandika “Karoo: kondoo, mvua haba”, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Karoo yenyewe niliiona nimeshastaafu, kijana wa kaka yangu anayefanya kazi Johannesburg aliponiambia, “Shangazi, njoo nikupeleke Cape kwa barabara.” Ni kama kilomita 1,400. Tulilala kwenye shamba la kondoo kabla ya kufika mji wa Beaufort West.

Usitegemee vilima vya mchanga kama vya Sahara. Ni tambarare ya vichaka vinavyofika kwenye kifundo cha mguu, rangi ya majivu, na milima iliyokatwa vichwa bapa. Ukiona mti kwa mbali, ujue pana nyumba au pampu ya upepo inayovuta maji kisimani. Sisi tumezoea miombo, ukisimama barabarani mti unakutazama kulia na kushoto. Kule jicho halina pa kuegemea, na saa ya kwanza nilijisikia kama nimetoka nje bila kanga.

Sehemu kubwa ya nchi ile haipati milimita 250 za mvua kwa mwaka. Hapa kwetu tunapata zaidi ya mara tatu ya hizo na bado tunalalamika. Kwa hiyo kondoo mmoja anahitaji hekta kadhaa ili ashibe, na shamba la familia moja linaweza kuwa maelfu ya hekta. Ukame ukiunga mwaka wa pili na wa tatu, sufu na nyama havitoshi. Watoto wameshahamia mjini, vyumba viko vitupu, mama mwenye nyumba anajua kupika. Ndipo wanapoweka kibao barabarani. Mwambie mwenyekiti kitanda kile kimekuwa zao la shamba kama sufu. Kukilalia na kuwaachia wimbo ni sawa na mtu kuja Urambo akabeba mtumba wako wa tumbaku, akakupigia makofi, akaondoka.

Tena hapa Tabora tusijifanye hatujui biashara ya kumlaza mpita njia. Huu mji umekuzwa na misafara. Mapagazi wakitoka pwani walipumzika hapa, wakanunua chakula hapa, na Livingstone mwenyewe alikaa Kwihara, hapo nje ya mji, miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja mizigo na watu. Sidhani wote walikula bure.

Mhazini naye nina neno lake. Akifika akaanza kugonga meza kuitisha huduma, ataaibisha kanisa. Nyumba ile ina sufuria moja, meza moja na saa moja ya kula. Chakula cha jioni kinaagizwa kabla, siku moja au mbili, kwa sababu duka liko mbali na nyama inatolewa kwenye barafu mapema. Mkikaa kimya, mtapewa kitanda na kifungua kinywa, na usiku mtatafuna mliyobeba. Na bei aisome vizuri: kule mara nyingi wanataja bei ya kichwa, kwa watu wawili wanaolala chumba kimoja. Sisi tulidhani ni bei ya chumba. Asubuhi kijana wangu alipoona hesabu imekuwa mara mbili alinitazama, nikafungua pochi yangu ya ndani. Kosa lilikuwa letu, iliandikwa.

Maji. Usiogope, ila yahesabu kama tulivyoyahesabu sisi kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika mjini. Yanatoka kisimani, yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu na chai ya kwanza utadhani mtu kakosea kopo la sukari. Hapo nina kisa. Jioni mwenye nyumba alinijia akaniambia kwa Kiingereza, kwa furaha kabisa, kwamba punda ameshawashwa moto. Nilimtazama yule mzee. Nikamtazama kijana wangu, naye akaangalia pembeni asicheke. Kumbe punda ni pipa la maji lililolazwa nje ya nyumba juu ya moto wa kuni, bomba linaingia bafuni. Nikaoga kwa nusu ndoo, mazoea yangu. Asubuhi mzee akaja tena, safari hii na wasiwasi, kuuliza kama punda aliharibika, maana pipa lilikuwa bado limejaa. Nikamwambia natoka Tabora. Hakuelewa, lakini alifurahi.

Baridi ndiyo ya kuogopa. Julai yetu hapa ni ya sweta asubuhi na kulivua saa nne. Yao, maji kwenye chombo cha kuku yaliganda, nikayagonga kwa kidole nihakikishe. Kitandani walinitangulizia chupa ya mpira ya maji ya moto, na nakuambia, ile chupa niliikumbatia kama mjukuu. Bebeni soksi nzito, kofia na mafuta ya mgando. Hewa ni kavu, inapasua midomo na kukausha koo, na nyie ni waimbaji: kunyweni maji njiani hata kama hamna kiu, na sauti ya kwanza wafunge shingo. Sitaki kusikia mmefika Genadendal sauti zimekauka.

Chakula kitawashinda kwa wingi, si kwa ladha. Nyama ya kondoo iliyopikwa polepole, boga lenye sukari (ndiyo, sukari kwenye boga), mikate iliyochomwa juu ya makaa. Asubuhi wanakunywa kahawa na vipande vya mkate vilivyokaushwa mpaka vikawa vigumu, unachovya ndiyo unatafuna. Nilipochovya cha kwanza nilikumbuka matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na chai nyumbani kwa bibi. Ugali wapo nao, wanauita papu, ila mezani kwa wageni hauji usipouliza. Uliza.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza. Wenye mashamba yale wengi wao ni Makaburu. Mimi nimekua wakati wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wa chama cha ANC, wako Mazimbu pale Morogoro, na neno Kaburu nililijua kabla sijajua Karoo iko wapi. Nilipoingia kwenye ile nyumba ya kuta nene, picha za mababu wenye ndevu ukutani, mgongo ulikaza. Mama mwenye nyumba akanishika mkono, akamwita binti yake aje kunisalimia, na yule binti akaniita “tannie”. Kijana wangu akaninong'oneza: maana yake shangazi. Kule mtoto hamwiti mkubwa kwa jina. Mwanamume ni “oom”, mjomba, mwanamke ni “tannie”, hata kama hamna undugu. Nikacheka peke yangu. Nimevuka nchi ngapi nikafike niitwe shangazi.

Lakini aliyeleta vyombo mezani alikuwa mama wa rika langu, na hakuna aliyemwita tannie mbele yangu. Tulipomaliza kula nikasimama kumsaidia kukusanya sahani, kama ninavyofanya ugenini popote. Chumba kikanyamaza. Mwenye nyumba akasema kwa upole, keti, wewe ni mgeni. Yule mama naye akaniambia keti, kwa macho. Nikaketi, na nililala na jambo hilo.

Alfajiri niliamka, nikatoka nje kidogo. Kilimia kilikuwa kimepanda juu ya mlima, nyota zimeshuka karibu hivi, sijaona anga kama lile hata kijijini. Taa ya jikoni ikawaka. Nikaingia, nikasalimia, nikavuta kigoda. Yeye Kiafrikana, mimi Kiswahili, Kiingereza cha kuombaomba katikati. Tuliulizana wajukuu kwa vidole: yeye saba, mimi watano. Alizaliwa kwenye shamba lile, na mama yake pia. Sikuuliza zaidi. Tulikunywa kahawa mpaka wenye nyumba walipoamka.

Kwa hiyo mkifika, salimieni na wa jikoni, na yule wa pampu, na anayechunga. Nje ya hesabu ya mwenye nyumba, changeni kitu mumpe yule mama mkononi mwake. Wimbo mkiuimba, imbeni kwenye baraza (wao wanaiita “stoep”, ni baraza hasa, watu wanakaa jioni wanatazama nani anapita, ingawa hapiti mtu), na muombe waliomo jikoni watoke wasikie.

Mengine madogomadogo. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, na Julai jua linazama mapema, kabla ya saa kumi na mbili. Fikeni mchana bado upo. Usiku tandala wanaruka uzio na kusimama katikati ya lami, na tandala ni mkubwa kuliko unavyokumbuka. Kutoka barabara kuu mpaka nyumbani ni kilomita kadhaa za vumbi na mageti. Aliyekaa mbele ndiye hushuka kufungua, na geti mlilolikuta limefungwa lifungeni, mlilolikuta wazi liacheni wazi, maana kondoo wakichanganyika mtawachelewesha watu siku nzima. Simu hupoteza mtandao, pigeni mkiwa bado mjini. Plagi zao ni za matundu matatu ya mviringo, manene, yetu haziingii. Na mpange usiku mmoja kweli. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la kule ni kunyoa kondoo.

Asali. Nilibeba chupa mbili za Sikonge, nimezifunga kwa khanga kama mtoto. Uwanja wa ndege Johannesburg afisa akazitoa, akanieleza kwa adabu kwamba asali ya nje haiingii bila kibali, wanahofia magonjwa ya nyuki. Nikaziona zinakwenda. Kilichopita ni kitenge nilichobeba kwa bahati tu. Mama mwenye nyumba amekifanya kitambaa cha meza, nilitumiwa picha. Chukueni vitenge viwili, kimoja cha jikoni.

Asali yenu, mkishuka treni hapa Tabora, niachieni. Nitaitunza.