Kabla ya bunduki, tafuta kinu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika filamu kuhusu askari wa Mjerumani aliyepigana Mahiwa, katika Vita Kuu ya Kwanza, mwezi Oktoba 1917, na mkewe aliyemfuata vitani na mtoto mgongoni. Nimeulizia bei ya sare na bunduki za bandia nikatoka jasho. Kwa fedha kidogo niliyonayo, nifanyeje wajuzi wa historia wasinicheke? — Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeanza na bunduki, kama tulivyoanza wengi wetu. Hebu iweke kando, kwanza utafute kinu na mchi.

Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, halikuwa msururu wa wanaume watupu. Pamoja na askari walitembea wapagazi, wanawake, watoto na maboi, mizigo kichwani, na wapo watoto waliozaliwa njiani. Kilikuwa kijiji kinachohama. Desturi hiyo ni ya tangu mwanzo: hata Wasudani ambao Wissmann, afisa wa Kijerumani, aliwaandika jeshini Misri mwaka 1889, wengi wao walikuja na wake zao. Kwa hiyo jioni askari wako harudi bwenini, anarudi kwa mkewe, anamkuta anatwanga au anamnyamazisha mtoto. Hapo ndipo uweke fedha yako, na uzuri wake ni kwamba hapo ni rahisi. Vyungu, vibuyu, ungo, mikeka, mtama, moshi wa kuni mbichi: vyote hivyo bado utavipata vijijini huko huko Lindi. Rekodi sauti ya kutwanga alfajiri kabla hata hujawasha kamera.

Mavazi ya wanawake nayasema kwa uchungu, maana niliwahi kuumbuka. Nilimvika mke wa askari kitenge chenye maua makubwa, bibi mmoja wa kijijini aliyekuja kututazama akauliza, "Huyu naye anakwenda harusini?" Tumia merikani, ile pamba isiyotiwa rangi, kaniki nyeusi na kanga. Ila kanga za zamani zile zilipoandikwa jina, yaani msemo wake, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, basi ukiwa na za kisasa kunja maandishi yaingie ndani.

Sare isikutishe. Kufikia Mahiwa vita ilikuwa na miaka mitatu, na manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani. Nguo zilikuwa zimepauka, zina viraka, nyingine zimetekwa kwa adui. Shona kaki ya kawaida, ifue mara ishirini, ianike juani. Tarbushi ifunikwe kitambaa cha kaki chenye pindo la kukinga shingo. Kitakachokuumbua ni sare mpya iliyopigwa pasi.

Sasa bunduki. Mwanzoni mwa vita askari wengi walikuwa na Mauser ya 1871, ya milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Ukipiga risasi moja unatoa wingu la moshi mweupe, na adui anajua ulipo. Mwaka 1917 zilikuwa zimechanganyika na Mauser mpya na silaha za kuteka. Sita nzuri zinatosha kwa walio mbele ya kamera, za nyuma zichongwe kwa mti. Kibali cha polisi kiombe mapema, hata kama ni za mbao. Hadithi ikivuka Ruvuma, badilisha: tarehe 25 Novemba 1917 pale Ngomano waliteka silaha nyingi za Wareno.

Lugha ndiyo inayowaangusha waandishi wengi. Mtu wako asitaje shilingi, hiyo ilikuja na Waingereza. Yeye ana rupia na hela, na neno hela lenyewe ni la Mdachi. Vyeo ni ombasha, shaushi, betshaushi, soli na efendi. Barua au tangazo likionekana, liandikwe kwa tahajia ya Kijerumani: "schauri", si "shauri". Na angalia mandhari. Mikorosho iliyopangwa mistari haikuwepo Mahiwa siku zile.

Upande wa pili usijaze Wazungu. Waliopambana na askari wako pale ni pamoja na Wanaijeria na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), Waafrika wenzake, nao walikufa wengi.

Kuna jambo lisilonunuliwa dukani, na bila hilo mimi filamu yako sitaiamini. Jeshi lile lilikula vijiji. Nafaka ilichukuliwa, wanaume walikamatwa upagazi, na baadhi ya wanawake waliokuwa kwenye msafara hawakufuata mapenzi, walitekwa. Kusini kwenu Maji Maji ilikuwa imepita miaka kumi tu, na walioizima ni askari wa jeshi hilo hilo. Mama aliyefichwa porini na wanawe, akisikiliza msafara ukipita, naye ana familia. Mpe nafasi. Tena amua mapema mke wa shujaa wako alitoka wapi, maana mwigizaji atakuuliza.

Kuhusu mwisho hukuniuliza, lakini Novemba 1917, kabla ya kuvuka Ruvuma, Lettow-Vorbeck alilipunguza jeshi, na wagonjwa na majeruhi wengi wakaachwa nyuma. Ukitaka kuwatenganisha watu wako wawili, huhitaji kutunga bomu.

Ukimaliza rasimu, niletee kwanza kurasa za kambini. Za mapigano zinaweza kusubiri.