Jibu: PrEP kwenye zahanati binafsi, Mbeya

Mkuu, umeuliza kama dawa kinga ya VVU (PrEP, inayomezwa kabla ya kukutana na virusi) unaweza kuichukua zahanati binafsi hapa Mbeya, maana foleni ya CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) unaogopa kukutana na majirani wa Mwanjelwa. Nakuelewa, mji wetu kila mtu ni shemeji wa mtu. Faida ya binafsi ndiyo hiyo hasa: unaingia jioni ukitoka kazini kama mgonjwa wa malaria tu, hakuna anayejua umefuata nini.

Ila kabla hujatoa pesa, waulize: mnapima VVU kabla ya kidonge cha kwanza? Na kila miezi 3 baada ya hapo? Anayekukabidhi kopo bila kipimo, mkimbie. Ukiwa tayari na virusi, PrEP peke yake haitibu, na virusi vinaweza kuwa sugu. Figo nazo ziangaliwe. Bei uliza mapema, maana serikalini dawa hiyo ni bure.

Kama tukio la hatari ya kuambukizwa lilishatokea juzi, basi hiyo siyo PrEP, unahitaji PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio: uianze ndani ya saa 72, umeze siku 28. Hapo usichague mlango, nenda popote palipo karibu leo hii.