Mleta mada, Amani usipande peke yako

Mleta mada, simama hapo hapo. Unasema umeanza kuonana na mshauri pale hospitali ya Bombo, Tanga, kwa ajili ya sonona, miadi ni mara moja kwa mwezi, na kuna mtu amekwambia katikati hapo ukajifungie msitu wa Amani, kule milima ya Usambara, peke yako, simu uzime, asili ikuponye. Unauliza malazi, nauli na nguo za baridi. Dada yangu, nakuomba usiende hivyo.

Ushauri huo huo nilipewa na bwana mmoja wa kwenye makundi ya WhatsApp anayejiita kocha wa maisha. Aliniambia watu ndio wanaonichosha, nikimbilie ukimya, na dawa zangu za sonona niziache Tanga, eti mwili unajua kujisafisha. Hela akachukua. Nikapanda basi la Muheza, nikapandisha mlima. Mchana msitu ule ni mzuri kweli: miti mikubwa ya bustani waliyoianzisha Wajerumani 1902, ukungu unashuka mpaka kwenye mashamba ya chai, vipepeo kila upande. Lakini sonona yangu ilikuwa inakuja saa nane usiku, mvua inapiga bati, na sina wa kumwambia hata neno. Mawazo niliyoyaacha nyumbani Makorora niliyakuta kule, ila Makorora kuna jirani anayebisha hodi kuomba chumvi. Nikaacha kula. Kwa kukatisha dawa ghafla, kichwa kikawa kinazunguka, jasho linanitoka, usingizi hakuna, nikajua nakufa. Mlinzi wa nyumba ya wageni, mzee wa Kisambaa, aliona sijatoka chumbani, akaingia, akanikalisha jikoni kwake, akanikorogea uji, akawasha simu yangu na kuwapigia ndugu zangu.

Yule kocha alipoelezwa alijibu kwamba sikuwa na nia ya kupona! Anauza ushauri wa kuacha dawa, mgonjwa akianguka lawama ni za mgonjwa. Nina hasira naye mpaka leo. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla hazijashika, na kuziacha ni kwa kupunguzwa na daktari, kidogo kidogo. Na ugonjwa wenyewe ndio unaokuambia ujitenge. Sasa mtu naye aje akuambie ujitenge, anamsaidia nani?

Kilichonishika kati ya kliniki na kliniki ni kundi la kina mama na vijana wanaopanda mikoko huku Sahare, pwani ya Tanga. Dada yangu aliniandikisha bila kuniuliza. Maji yakipwa tunaingia kwenye tope la magotini. Mche wa mkoko ni kijiti kirefu cha kijani. Unauchomeka, ncha chini, unapiga hatua, aliye nyuma yako anakupa mwingine. Hakuna anayekuhoji unajisikiaje. Wanakuuliza juzi mbona hukuja, na usipotokea tena mtu anapanda baiskeli anakufuata nyumbani. Mshauri wangu aliposikia, akaniambia niende hasa siku ambayo sitaki, maana kwenye sonona ukingoja hamu ije kwanza, haiji. Unaanza kufanya, hamu inafuata nyuma.

Zimbabwe, tangu 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wazee wa mtaani kukaa na wenye sonona kwenye benchi, nje, na kuzungumza nao. Baadaye wanaunganishwa na kundi la wenzao. Hakuna anayeachwa na miti tu.

Kwa hiyo Amani nenda, lakini na mtu anayekujua, dawa zako mkobani, simu imewashwa, na mshauri wako anajua uliko. Mawazo ya kutotaka kuishi yakikujia, usingoje tarehe ya miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Na kama huna wa kwenda naye popote, Jumamosi hii maji yakitoka tutakuwa Sahare. Nitumie ujumbe, mke wangu atakusubiri kituo cha daladala. Vaa nguo isiyoogopa tope.