Kabla hujamwita mwanao Nevaeh

Nevaeh limeshafika hadi Buswelu, huku kwetu Mwanza. Nimeulizwa habari zake na shemeji yangu, na jirani, na juzi na dada anayenisuka pale Kirumba: mimba bado changa, jina tayari. Wote wameambiwa ni jina la Biblia. Halimo, hata uisome kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo.

Ni neno la Kiingereza heaven, yaani mbinguni, lililoandikwa kinyumenyume. Lilianza kuvuma Marekani mwaka 2000, pale Sonny Sandoval, mwimbaji wa bendi ya P.O.D., alipoonekana na bintiye mwenye jina hilo kwenye kipindi cha MTV. Kabla ya hapo waliokuwa nalo walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 2001 likaingia kwenye orodha ya majina 1,000 ya wasichana yanayopendwa zaidi kule. Basi. Hakuna nabii wala malkia nyuma yake, na mimi sioni kama hiyo ni dosari. Kwani sisi Wasukuma? Mtoto kazaliwa mvua inanyesha, Kabula. Kawafuata mapacha Kulwa na Doto, Shija. Hakuna aliyefungua kitabu.

Ninachoshauri ni kulijaribu mdomoni kwanza. Mwambie bibi yake aliite kwa nguvu, kama anamwita mtoto aliye kwa jirani. Nimemsikia bibi mmoja wa Magu: "Nivea! Njoo ule!" Watoto wa uani wakaangua kicheko, maana Nivea wanaijua, ni mafuta ya kujipaka. Utani wa hivyo huwa hautoki, mtoto ataingia nao hadi darasani. Kama haukusumbui, endelea. Bibi mwenyewe siku hizi anamwita Kabula, na mtoto anaitika yote mawili.

Halafu kuna herufi, na hapa ndipo pa kukaza. Cheti cha mtoto wa chini ya miaka 5 kinatolewa bure kliniki au ofisi ya kata. Foleni ndefu, watoto wanalia, anayeandika kachoka. Nevaeh inageuka Neveah hivi hivi. Ukiisoma hiyo kinyumenyume unapata haeven, ambako si mbinguni wala popote. Nenda na karatasi uliyoandika jina kwa herufi kubwa, umkabidhi. Ukipewa cheti usibanduke dirishani: pitia herufi moja moja, A kabla ya E, H mwisho. Kosa likija kuonekana yuko darasa la saba, hapo ni kumtafuta wakili akuandikie kiapo.