Wifi ananirushia vijembe, nivae kanga gani?

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 29, nimeolewa hapa Tanga, huu ni mwaka wa nne. Tunaishi nyumba moja na mama mkwe, na tangu mwaka jana wifi yangu mkubwa amerudi nyumbani baada ya kuachika. Mwanzoni tulielewana. Siku moja akaweka stetasi WhatsApp: "Walikuja na begi moja, leo wanatembea na funguo." Funguo za stoo ninazo mimi, na aliyenikabidhi ni mama mwenyewe. Nikajua nasemwa. Wiki hiyohiyo tulikuwa na shughuli kwa jirani, nikajifunga kanga ya "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu", nikapita mbele yake mara mbili. Akaelewa. Tangu hapo ni stetasi kwa stetasi, kanga kwa kanga, mtaa mzima unajua. Zile stetasi anazonificha, mashoga zangu wananipigia picha na kunitumia. Nimesoma madrasa, najua kununiana zaidi ya siku tatu si vizuri, lakini yeye ndiye aliyeanza. Mwezi uliopita mama alikosa kliniki ya presha, kila mmoja wetu alidhani mwenzake atampeleka, akalazwa. Mume wangu anasema haya ni mambo ya wanawake. Naomba unipe jina moja la kanga, au maneno ya stetasi, yatakayomnyamazisha kabisa.*

*Mwenye Funguo, Tanga*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mama kuugua, mfikishie salamu zangu.

Jina la kanga sikupi. Majina yapo tele madukani, hilo unalijua kuliko mimi. Sikupi kwa sababu barua yako nimeisoma mara ya pili nikitafuta mahali ulipomuuliza wifi yako swali, sikupaona. Stetasi yake umeinukuu neno kwa neno. Kanga yako umeitaja kwa jina. Kulazwa kwa mama umekupitia kwa sentensi moja, kisha ukarudi kuomba silaha.

Usinielewe vibaya, mafumbo siyalaumu. Maneno yalianza kuchapwa kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kilatini, na tangu hapo yamewasitiri wanawake wengi. Mke asiyeweza kumwambia mumewe "umeniumiza" alijifunga kanga, mume akasoma, akajirekebisha bila kuaibishwa mbele za watu. Hata kwenye taarabu ni hivyohivyo. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomgusa mtu, yule anainuka kwenda kutunza, noti ameinyoosha juu, na njia anayopita ni ile ya karibu na kiti cha anayemkusudia. Ukumbi mzima umeelewa na hakuna jina lililotajwa. Fumbo la mnyonge kwa mwenye nguvu, fumbo la kumwonya mtu bila kumvunjia heshima, hayo nayatetea mpaka kesho.

Lenu si hilo. Ninyi wawili mnalala chini ya paa moja, mnachota maji kwenye pipa moja, na hakuna anayekuzuieni kusema. Sasa tazama fumbo linafanya nini katika hali hiyo. Aliyelirusha akiulizwa anasema, "Kwani nimekutaja? Kanga nimenunua dukani kama wenzangu." Aliyerushiwa akijibu, amejitangaza kuwa ndiye. Akinyamaza, amemeza. Umemsema mtu, umemfunga mdomo, na neno lenyewe halina mwenyewe. Hiyo ni dhuluma, hata kama ulichokimaanisha ni kweli tupu. Ukitaka kumsema binadamu mwenzako kwa haki, lazima awepo aliyesema, awepo aliyeambiwa, na aliyeambiwa apewe nafasi ya kujibu. Kanga yako ilimpa wifi yako nafasi gani? Kuvaa yake tu.

Halafu kuna jambo hukulifikiria. Una hakika gani kwamba stetasi ile ya kwanza ilikuwa yako? Dada wa watu ameachika. Huko alikotoka huenda kuna mwanamke mwingine aliyeingia na begi lake, na leo ndiye anayeshika funguo ambazo wifi yako alizishika. Mimi sijui, na wewe hujui. Uliona neno "funguo", ukashika kiunoni, ukazikuta, ukahukumu.

Na tuseme ilikuwa yako. Bado ningekuomba ukae na jambo hili kidogo kabla hujakasirika. Mwanamke aliyezaliwa katika nyumba ile, aliyeondoka kwa vigelegele, amerudi na talaka yake watu wakimtazama dirishani. Akitaka mchele wa kumpikia mama yake mzazi, anakuja kukubishia hodi wewe. Hukukosea kupokea funguo, mama alikuamini na ulistahili. Lakini yeye kuumia nako si kosa. Mambo yote mawili ni kweli, na mngeyajua siku ya kwanza kama mmoja wenu angeuliza.

Kuhusu hao mashoga nitakuwa mkali. Aliyekuficha stetasi alikuwa na ghadhabu, akatafuta pa kuitolea, akajizuia usiione. Shoga yako akaivunja hiyo stara, akaipiga picha, akakuletea uumie. Unadhani zako haziendi kule? Umesema umesoma madrasa, basi rudi kwenye Sura ya Al-Hujurat. Aya ya 6 inahusu kuthibitisha habari kabla ya kumdhuru mtu kwa kutojua. Ya 11 inawakataza wanawake kuwadharau wanawake wenzao, imewataja kabisa. Ya 12 inakataza dhana mbaya na kusengenyana. Waandikie leo: "Naomba msinitumie tena chochote cha wifi." Usiongeze maelezo. Wakikushauri mwende mkamsute, mkusanyike na ngoma mlangoni, kataa palepale. Suto huacha jeraha lisilosahaulika mtaani, na wewe ndiye utakayeamka naye asubuhi.

Na hizo siku tatu ulizozitaja, hadithi yenyewe inaendelea. Mbora wa wawili ni yule anayeanza kutoa salamu. Haiulizi nani aliyeanza kununa.

Nenda kwake mwenyewe. Usimwandikie, wala usimtumie ujumbe wa sauti, maana utasambazwa, na hutauona uso wake unavyobadilika. Usimtume mumeo, atafikisha nusu. Usimnunulie kanga ya kuomba radhi, hata iwe nzuri namna gani. Atayasoma maandishi yake akitafuta kijembe, na atakipata. Chagua saa ambayo mama amepumzika na watoto hawapo, baada ya alasiri hivi. Bisha hodi chumbani kwake, ngoja akukaribishe. Akisema ana shughuli, muulize lini.

Anza na shikamoo, maana ni mkubwa wako. Kisha anza na lako, kwa sababu la kwake hulijui kwa hakika na la kwako unalijua. Mwambie hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: "Wifi, siku ile ya shughuli kanga niliyovaa nilikukusudia wewe. Nilikosea, naomba unisamehe." Hapo nyamaza. Usitie "lakini". Ukishatia "lakini", radhi yote imegeuka mashitaka. Mwache akae nayo, hata kimya kikiwa kirefu.

Baada ya hapo ndipo umuulize: "Niliona umeandika habari ya begi na funguo, nikahisi ni mimi. Ni mimi?" Uliza kama mtu anayetaka kujua. Akisema si wewe, mwamini. Akisema ni wewe, atakuwa na mengi, na mengine hayatakuwa ya haki. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Yeye anasema, wewe masikio yamefungwa unatunga jibu. Msikilize mpaka amalize, kisha umrudishie alichosema kabla ya kujitetea: "Unasema kwamba mama aliponipa funguo hakukwambia, ukajiona mgeni kwenu. Nimekuelewa sawasawa?" Akikurekebisha, shukuru. Yako utayasema baadaye, na useme yaliyotokea, siku fulani na jambo fulani. Maneno kama "wewe kila siku" na "wewe na roho yako" yaache, hayo yanamhukumu mtu mzima kwa jambo moja.

Akikufukuza je? Inawezekana. Basi ondoka kwa adabu, endelea kumsalimia kila asubuhi hata asipoitikia, na baada ya siku chache mwende kwa mtu mzima mmoja ambaye nyote mnamheshimu. Shangazi yake mumeo, kama yupo, anafaa kuliko mama, kwa sababu mama ni mgonjwa na tena ni mhusika. Muwe watatu tu. Msiitishe kikao cha ukoo, maana mbele ya watu kumi hakuna anayeungama, kila mtu anajitetea.

Suala la funguo lisimalizwe na ninyi wawili peke yenu, mwenye stoo yupo hai. Mkipatana, mwombeni mama achonge ufunguo wa pili. Usizitupe mezani kwa hasira ukidhani umetenda wema.

Mumeo naye mwambie nimesema hivi: mama aliyelazwa ni mama yake. Nyumba ikinyamaza hadi mgonjwa akakosa kliniki, hayo hayakuwa mambo ya wanawake. Asimame upande wa mgonjwa, wala asichague kati ya mke na dada.

Yote haya yatachukua muda, na kuna moja lisiloweza kungoja. Kadi ya kliniki, popote ilipo, itolewe ibandikwe ukutani jikoni, tarehe ya kurudi izungushiwe kalamu. Leo hii, kabla hata hujakusanya ujasiri wa kuomba radhi, mwambie kwa mdomo: "Wifi, mama ana kliniki Jumanne, nitampeleka mimi. Vidonge vya jioni utampa wewe?" Taja siku yenyewe iliyoandikwa kwenye kadi. Asipojibu, lirudie mbele ya mama, kwa sauti ileile ya kawaida, na usitoke jikoni mpaka mmoja wenu awe amesema vidonge atatoa nani.