Bibi, mchele na Mapinduzi ya Ufaransa

Mdogo wangu, umesema umeingia kidato cha tano, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na kwamba Historia ya Dunia inakushinda kwa sababu ukikariri miaka ya Mapinduzi ya Ufaransa, ile ya Mapinduzi ya Viwanda inakutoka. Nami nilipita huko huko. Muhula wa kwanza nilikariri madesa, yaani nukuu za kukariri, ya kaka mmoja aliyenitangulia, pointi nane kwa kila swali, nikaambulia alama ambazo sikuthubutu kuzitaja nyumbani. Swali lilikuwa limegeuzwa kidogo tu: badala ya kutaka sababu za mapinduzi hayo, lilitaka tueleze kwa nini yalitokea mwaka 1789 na si miaka ishirini kabla yake. Desa halikuwa na jibu.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa bibi, Muheza, mkoani Tanga. Jioni moja, akiwa anachambua mchele kwenye ungo, aliniuliza tunafundishwa nini huko bwenini, nikamweleza kwamba tarehe 14 Julai 1789 watu wa Paris walivamia gereza la Bastille kwa sababu ya njaa na kodi, na kwamba hazina ya mfalme ilikuwa tupu. Akauliza bila kuinua macho: "Mfalme mzima, fedha zake zilikwenda wapi?" Nilinyamaza, ingawa hazina tupu ilikuwa pointi yangu ya tatu na nilikuwa nimeiandika mara kumi.

Nilipolitafuta jibu ndipo mada nzima ilipofunguka. Ufaransa ilikuwa imekopa fedha nyingi kuwasaidia Wamarekani kupigana na Uingereza, na makabaila, yaani watu wa vyeo wenye ardhi, pamoja na makasisi walikuwa wamesamehewa sehemu kubwa ya kodi. Mfalme Louis wa 16 alipotaka nao wachangie, walikataa, akalazimika kuliita Baraza la Matabaka, yaani baraza la wawakilishi wa makasisi, makabaila na watu wengine wote, ambalo lilikutana Mei 1789 baada ya kutokutana tangu mwaka 1614. Wakati huohuo mavuno ya mwaka 1788 yalikuwa mabaya, na bei ya mkate ikapanda hadi kiangazi cha mwaka uliofuata. Deni likazaa kodi, kodi ikazaa baraza, na baraza likakutana wakati watu wana njaa. Ukiona hivyo, swali la "kwa nini 1789" linajijibu lenyewe, na mwaka huo huhitaji tena kuukariri.

Tatizo jingine, ambalo walimu wengi hawalitaji, ni lugha. Tunasoma somo hili kwa Kiingereza, na mtu anaweza kuandika ukurasa mzima kuhusu ukabaila bila kujua kabaila alikuwa nani. Mimi na wenzangu wawili tulianza kusimuliana kila mada kwa Kiswahili kwanza, mmoja akiwa na ruhusa ya kukatiza kwa maswali ya bibi, kisha ndipo tukaandika insha kwa Kiingereza. Insha zilikuwa fupi kuliko za zamani, lakini zilikuwa na alama.

Vilevile usiiache dunia ikae mbali. Vita Kuu ya Kwanza usiishie kuisoma Ulaya: Novemba 1914 jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, lilishuka Tanga na kushindwa na kikosi kidogo cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na jina la Kariakoo limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa vita hiyohiyo. Mdororo wa uchumi ulioanza New York mwaka 1929 niliuelewa kwa katani, kwani bei yake iliposhuka huko ughaibuni, mishahara ya manamba, yaani vibarua wa mkataba, mashambani Tanga ilikatwa. Nami nilikuwa napita katikati ya mashamba hayo kila likizo nikienda kwa bibi, huku nikikariri "athari za mdororo".

Likizo iliyofuata nilirudi kwa bibi na majibu yangu yote, nikamfikisha hadi Januari 1793, mfalme anapokatwa kichwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akapepeta ungo wake, kisha akauliza: "Baada ya hapo, mkate ulishuka bei?" Haukushuka. Kufikia Septemba mwaka huohuo serikali ya mapinduzi ilibidi itunge sheria ya kuweka ukomo wa bei, na wenye nafaka wakaanza kuificha. Mada ya utawala wa Jacobin, kundi la wanamapinduzi wenye msimamo mkali, niliianzia hapo.