Kuku wa jirani nilimsingizia

Kinda la korongo taji halina taji. Ni manyoya ya rangi ya mchanga juu ya miguu mirefu, na njaa isiyokwisha. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kituo cha kutunzia ndege, huku upande wa Entebbe, nililetewa watatu waliookotwa kinamasini. Ndege wa bendera yetu, na tangu 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Wawili walinifia mkononi.

Wa kwanza nilimkuta alfajiri ameshusha mabawa, macho nusu, kinyesi maji matupu. Nikaenda moja kwa moja kugombana na jirani, maana kuku wake walikuwa wakipita kando ya uzio wetu. Daktari wa mifugo alicheka. "Mwanangu, kuku wa watu umewasingizia bure. Kilichomuua ni Eimeria, kimelea cha matumboni. Ya kuku humpata kuku. Ya korongo humpata korongo."

Kimelea kilikuja na makinda wenyewe. Sisi tulikizalisha tu. Mayai yake yakitoka na kinyesi hayajaweza kuambukiza. Yanahitaji unyevu, joto na hewa kwa siku moja au mbili ndipo yaive. Nami nilikuwa nimetandaza maganda ya kahawa, kama tunavyofanya kwa kuku, na kando ya kibakuli cha maji yalilowa kutwa kucha. Banda nililojenga kuwakinga na mbwa ndilo lililowaua.

Kwa hiyo, ukipewa kazi hii (kwa kibali, ukimwokota kinda njiani usimpeleke nyumbani, wajulishe UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda), zoa kinyesi kila siku kabla mayai hayajaiva. Inua kibakuli juu ya matofali. Hamisha banda kwenye nyasi mpya. Klorini usiitegemee, mayai haya hayaijali. Maji yanayochemka na jua kali ndiyo yanayoyaweza. Na usingoje kuhara damu kama kwa kuku: kwa korongo, Eimeria haikai matumboni tu, huweza kufika ini na mapafu.

Jifunze pia kupima. Unakoroga kinyesi kidogo kwenye maji yaliyoshiba chumvi, unafunika kwa kioo chembamba, unasubiri mayai yaelee juu. Mara ya kwanza kuyaona kwenye hadubini, viduara vyenye ukuta maradufu, vimejaa kama mchele kwenye ungo, nilikaa chini.

Baada ya hapo nikawa mtu wa dawa. Kila wiki dawa. Aliyenipunguzia wazimu ni raicho, ndege wa milima mirefu ya Japani. Kule mlima Kitadake, kuanzia 2015 hadi 2019, mama na vifaranga walikuwa wakilazwa ndani ya vibanda, mchana wakitolewa kula huku watu wakiwafuata nyuma. Eimeria wanayo pia, na kinyesi chao huchunguzwa. Lakini vifaranga hao hudonoa kinyesi laini cha mama yao, na humo ndimo wanamopata bakteria wa kuwasaidia kusaga majani ya mlimani. Ukikisafisha chote, umewanyima na hicho.

Siku hizi natoa dawa daktari akishahesabu mayai, si kwa kalenda. Kinda wa tatu alipona. Alikuwa na tabia ya kukifuata kibanda nikikikokota, akinidonoa kisigino.